Maji Yanapungua, Chini Pakavu

Usharika wetu hapa Mkula una gari moja. Ni Land Cruiser ya zamani ya dizeli, ya aina ambayo watu huiita mkonga kwa sababu ya lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele. Jumapili linatupeleka mitaani kwa ibada na Chakula cha Bwana. Siku za kazi linabeba saruji, viti vya msiba, wanakwaya, na magunia ya mpunga wa sadaka. Usiku linabeba wagonjwa. Kazi hii ya mwisho haimo katika waraka wowote wa usharika, lakini kila nyumba inaijua. Mlango wa Mchungaji ukigongwa saa nane za usiku, kuna mama ameshikwa na uchungu au mtoto amepata degedege, na safari ni ya Ifakara, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Francis, kupitia Mang'ula, Kisawasawa na Kiberege.

Tunaandika kwa kusema “sisi” kwa sababu gari hili si la mtu mmoja. Yupo dereva, yupo Mwinjilisti, yupo Mama Mhazini, wapo wazee wa mitaa, na yupo mchungaji aliyeshika kalamu hii. Tulilolijua tulilijua pamoja, na tuliloliamua tuliliamua pamoja.

Dereva wetu alianza kazi akiwa kijana, kwenye matrekta ya mashamba ya miwa huko Kidatu. Mchungaji alitoka chuo cha theolojia na Kigiriki cha kutosha kuandalia mahubiri, lakini huko hakuna somo la kusoma ardhi chini ya gari. Somo hilo dereva ndiye aliyetupa. Kila jioni, gari likishalala, analaza kipande cha boksi chini ya injini na kukiwekea mawe pembeni ili upepo wa mlimani usikichukue. Asubuhi, kabla hajawasha, anakivuta na kukitazama.

Zamani barabara yetu ilipokuwa ya vumbi, tone likidondoka lilinywewa na mchanga na hukuliona tena. Sasa tuna lami kutoka Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua mwaka 2024, na tunamshukuru Mungu kwa hiyo, maana safari iliyokuwa inavunja migongo ya wagonjwa imekuwa fupi. Lakini lami nayo ni nyeusi, na oili ikimwagika juu yake utadhani ni kivuli. Boksi linasema kweli mahali pote.

Basi alitufundisha hivi. Ukikuta maji maangavu, hayana rangi, hayana harufu, nayo yako mbele kidogo upande wa abiria, usihangaike: kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi jana, na huo ni unyevu wa hewa tu, kama jasho kwenye chupa ya soda. Matone machache ya maji kwenye mdomo wa bomba la moshi asubuhi nayo ni ya kawaida. Ukikuta doa jeusi au la kahawia linaloteleza vidoleni, hiyo ni oili ya injini. Wekundu katikati ya gari au karibu na usukani ni mafuta ya giaboksi au ya usukani. Kimiminika cha manjano hafifu, chembamba, karibu na tairi, kinaweza kuwa cha breki, na hapo alituambia bila kucheka: “Mchungaji, hapo usiwashe hata kama Askofu anasubiri.” Dizeli itajitambulisha kwa harufu.

Na ukikuta kijani, au waridi, au wekundu wa juisi, kimiminika kinateleza na kina harufu tamutamu, hiyo ni kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa. Gusa, nusa, lakini usionje. Ile dawa ina utamu kweli, ndiyo maana mbwa, kuku na watoto wadogo huiramba, na ni sumu inayoua figo. Tumewaambia hivyo wazazi wa Shule ya Jumapili, kwa kuwa watoto hucheza chini ya gari letu wakati wa ibada.

Baada ya boksi anafungua boneti. Pembeni ya rejeta kuna kopo la akiba, jeupe, lina alama ya juu na alama ya chini, na maji yanatakiwa yawe katikati ya hizo mbili injini ikiwa baridi. Akimaliza hapo, mara moja kwa wiki anafungua mfuniko wa rejeta yenyewe, maana kopo linaweza kuwa limejaa na rejeta ni tupu. Lakini hufungua alfajiri tu. Injini ikiwa imetembea, maji yale yamefungiwa kwa shinikizo, na kwa sababu ya shinikizo hilo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko yanachemka yote kwa mara moja na kukurukia usoni. Wapo watu wanaotembea na makovu ya kosa hilo moja la sekunde moja.

Katika baraza la wazee si wote waliopendezwa na desturi hii. Mzee mmoja, mwenye maombi ya kweli, alitueleza wazi kwamba inamkwaza. Kabla ya kila safari tunashikana mikono kuzunguka gari na kuomba. Tukishaomba, dereva anapiga magoti na kuchungulia chini. “Sasa hapo,” alisema, “tunamwambia Mungu nini? Kwamba tumemkabidhi safari lakini hatumwamini na rejeta?” Wengine waliguna kukubali. Si hoja ya kijinga, na tunajua ipo katika sharika nyingi, hata pale ambapo haihusu gari, kwenye dawa za presha au vyandarua, na hata kwenye vitabu vya hesabu.

Tulimjibu kwa habari ya mjane wa Sarepta, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Tunaipenda habari ile kwa sababu ya chupa ya mafuta isiyokwisha, na wahubiri wengi wanaanzia hapo. Lakini rudi nyuma kidogo. Nabii alipomwomba mkate, yule mama hakusema “nitaangalia kama kipo.” Alijua. Alitaja unga uliobaki na mafuta yaliyobaki, alijua ni mlo wa watu wangapi, na alijua kwamba baada ya mlo huo ni kifo. Alikuwa amefunua pipa na kuinua chupa kabla nabii hajafika. Eliya hakumkemea kwa kupima. Hakumwambia kwamba mwenye imani hachungulii chupani. Muujiza ulimkuta mtu anayejua kiasi chake. Na baada ya muujiza, kila siku ilimpasa kutia mkono tena pipani, kwa hiyo kila siku aliona.

Mzee alifikiri, akasema habari hiyo ameisoma mara nyingi na hajawahi kuiona upande huo, ila bado angependa dereva achungulie kwanza, halafu ndipo tuombe. Tukakubali. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo, na kwa maoni yetu ni utaratibu bora kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa sasa tunapoomba tunajua tunaombea nini.

Kuna swali lingine ambalo watu hutuuliza: kwa nini mnanunua kulanti, wakati Mungu ametupa mito? Kweli, anayeijua Mkula anajua kwamba hatuna njaa ya maji. Milima ya Udzungwa iko mgongoni mwetu, na vijito vinashuka kutoka msituni, vinapita chini ya barabara na kuingia kwenye mifereji ya mpunga. Dereva wengi huchota humo, wakati mwingine kwenye mfereji wenyewe, na tope lake. Wengine husema kulanti ni dawa ya baridi ya Wazungu, ya nchi ambazo maji huganda, na bonde la Kilombero halijawahi kuona barafu nje ya friji.

Ni kweli dawa ile huzuia kuganda. Lakini hufanya na mengine. Inapandisha kiwango cha kuchemka. Inazuia kutu ndani ya injini, ambako chuma na alumini vinakaa pamoja ndani ya maji ya moto mchana kutwa. Maji matupu huleta kutu, na yale ya visima yenye chumvi huacha ukoko kama wa chini ya sufuria ya wali, mpaka vile vijibomba vyembamba vya rejeta vinaziba. Unafikiri unatumia maji ya bure, kumbe unalipa taratibu.

Magari ya kwanza kabisa yalipoozwa kwa maji matupu, na yalikunywa kama ng'ombe. Mwaka 1888 mama mmoja wa Ujerumani, Bertha Benz, alichukua gari alilolibuni mumewe Karl, akawapakia wanawe wawili, akaenda kutoka Mannheim hadi Pforzheim kumwona mama yake, zaidi ya kilomita 100, safari ambayo hakuna aliyewahi kuifanya kwa gari. Maji yalikuwa yanachemka na kupotea hewani, kwa hiyo njia nzima alisimama kuongeza. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Tunamtaja kwa akina mama wa usharika kila wanapotuambia kwamba boneti ni ya wanaume.

Mafundi wetu wa barabarani nao wana hekima yao, na upumbavu wao. Tumeona rejeta iliyotiwa bizari ili izibe tundu. Tumeona iliyotiwa yai bichi. Tundu huziba, kwa siku kadhaa, na pamoja na tundu huziba kila kitu kingine. Gereji moja, miaka ya nyuma, ililing'oa thamostati kwenye gari letu na kulitupa, wakatuambia nchi ya joto haikihitaji kidude hicho. Kidude hicho ndicho kinachoamua maji yaende rejeta saa ngapi, na katika injini nyingi ukikitoa, sehemu ya maji huzunguka humohumo ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo. Tulinunua kingine. Vijana wetu wakisema mtu “amechemsha” wana maana ameshindwa kabisa, na aliyeanzisha msemo huo bila shaka alishawahi kusimama na gari kwenye jua.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mwaka mmoja, baada ya Pasaka, dereva aligundua kwamba kopo linashuka. Aliongeza robo lita. Siku tatu baadaye akaongeza robo nyingine. Mwinjilisti, ambaye ni mtu wa kuandika kila kitu hata idadi ya waliosinzia, alifungua daftari la shule na kuanza kuweka tarehe na kiasi. Kwa wiki mbili zilienda karibu lita mbili. Na asubuhi zote hizo, boksi lilikuwa safi. Hapakuwa na kijani wala waridi. Tulibadilisha boksi, tukalisogeza mbele, tukalisogeza nyuma. Tulikagua mipira ya rejeta, viungo vyake, pampu ya maji, mfuniko. Pakavu.

Dereva ndiye aliyesema jambo ambalo tangu siku hiyo halijatutoka. Alisema: “Linalodondosha siliogopi. Hili linalopungua bila kudondosha ndilo naliogopa.”

Alituonyesha dalili nyingine. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa mgumu asubuhi, injini ikiwa baridi, wakati ulipaswa kuwa laini ukiuminya. Alipofungua mfuniko alfajiri na kuwasha, viputo vilipanda ndani ya maji, kimoja kimoja, bila kukoma. Moshi wa kwanza wa asubuhi ulikuwa mweupe, ukikawia hewani, na ndani yake mna ile harufu tamu. Tulichomoa kijiti cha kupimia oili tukitazamia kuiona imekuwa kama chai ya maziwa, lakini ilikuwa bado nyeusi. Fundi wa Ifakara alithibitisha: gasketi ya silinda hedi imeungua. Maji yalikuwa yanapenya kwenye chumba cha moto, yanachomwa, na kutoka kwa bomba la moshi kama mvuke. Hakuna tone lingefika chini kamwe.

Fundi alitueleza njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza maji kila siku na kuendelea. Magari mangapi yanatembea hivyo? Linaweza kwenda miezi, linaweza kufa usiku huo huo, hedi ikapinda au kupasuka, na hapo mtatafuta injini nyingine. Njia ya pili ni kulisimamisha, kufungua kichwa chote, kukipeleka Morogoro kikanyooshwe uso wake kwenye mashine, kununua gasketi halisi na kuifunga upya. Wiki tatu, alisema, kama vipuri vitapatikana. Fedha iliyokuwa mkononi mwa Mama Mhazini haikufika nusu.

Baraza lilikaa mpaka taa zikawashwa. Waliotaka gari liendelee hawakuwa wavivu wala bahili. Walikuwa wanahesabu wagonjwa. Mpunga ulikuwa unakaribia kuvunwa, malaria ilikuwa juu, wajawazito walikuwa wanne katika mtaa mmoja tu. Waliotaka lisimame nao walikuwa wanahesabu wagonjwa hao hao, ila waliwaona wakiwa ndani ya gari lililokufa kati ya Kisawasawa na Kiberege saa tisa usiku. Hoja iliyoamua ilitoka kwa Mama Mhazini: mtu anayejua hana gari atatafuta njia nyingine mapema, anayedhani analo hatatafuta. Tukaliweka juu ya mawe. Tulitangaza Jumapili mbili mfululizo, tukabandika mlangoni mwa kanisa namba za wenye bajaji wawili na mwenye Noah mmoja wa Mang'ula, na Mwinjilisti akazunguka na baiskeli.

Wenye kulijua bonde hili wanajua Mei ilivyo. Familia nyingi hazipo kijijini. Ziko mashambani, kwenye madungu, zinafukuza ndege kwenye mpunga, na simu zimezima chaji. Mzee mmoja wa usharika wetu, aliyeimba besi kwaya ya wazee kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kukumbuka, alikuwa huko na mkewe. Usiku mmoja katika wiki ya pili mjukuu wao aligonga mlango. Babu alikuwa haamki vizuri, anapumua kwa nguvu, anasema maneno yasiyoeleweka. Mjukuu alikuwa ametembea gizani kwenye kingo za majaruba, moja kwa moja hadi kwenye gari, akalikuta limefunguliwa tumbo.

Mwenye Noah alikuwa amepeleka abiria Mikumi. Bajaji ilikuja. Mzee alikaa katikati, ameegemea bega la mkewe upande mmoja na la Mwinjilisti upande wa pili, na hivyo ndivyo alivyofika Ifakara kunakucha. Waganga walimpokea vizuri na kufanya waliloweza. Kabla ya saa sita mchana Bwana alimchukua. Daktari alituambia ni kisukari, na kwamba kilikuwa kimekaa ndani yake muda mrefu. Hakusema kama saa moja ya mapema ingebadili kitu, nasi hatukumuuliza, kwa sababu jibu lolote lingekuwa zito kulibeba kurudi nalo Mkula.

Msibani yalisemwa. Kwamba wachungaji wa siku hizi wanapenda chuma. Kwamba gari lilikuwa linatembea, tumelifungua kwa kuogopa mvuke. Uamuzi ule tunausimamia hata leo. Gari linalochemsha njiani na mgonjwa ndani ni jeneza lenye usukani. Lakini hatukuyasema hayo siku ile. Tulichimba, tulizika, tuliimba, na besi ilipungua kiasi cha kila mtu kusikia.

Siku ya kuanua tanga tulikwenda kukaa na mjane. Alituhudumia chai kwa mkono wake, akakataa kusaidiwa. Tulitazamia maneno ya gari, na yalikuja, lakini kwa njia ambayo hatukuitazamia.

“Mchungaji,” alisema, “nimeambiwa gari mnalipima kila asubuhi na kuandika.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na lilikuwa linapungua bila kudondosha.”

“Ndiyo, Mama. Maji yalikuwa yanaunguzwa ndani.”

Alikaa kidogo. “Babu yenu alikuwa anapungua tangu Kwaresma,” alisema. “Mkanda wake ulitobolewa tundu tatu. Alikuwa anakunywa ndoo nzima ya maji, na usiku hatulali kwa kutoka nje. Nikimwambia, anasema ni jua la shambani. Jumapili anavaa koti, anaimba. Hakuna kilichodondoka.”

Hatukumjibu. Wapo wachungaji ambao wangepata neno pale, na labda ni wachungaji bora kuliko sisi. Tulikunywa chai yake mpaka ikaisha, tukaomba Baba Yetu, tukaondoka kwa miguu, kwa kuwa gari lilikuwa bado juu ya mawe.

Fedha ya gasketi ilipatikana kwa mnada. Baada ya ibada, kama sharika nyingi za kwetu, vitu vilivyotolewa madhabahuni hunadiwa nje: mayai, kuku, ndizi, debe la mpunga mpya, mua mmoja uliopanda bei kwa sababu wajukuu wa mzee wa kanisa waliung'ang'ania. Mtu mmoja alileta galoni ya kulanti ya waridi. Mnadishaji aliinua juu akasema hii ndiyo divai pekee ambayo Mchungaji ameruhusu kuinadi, watu wakacheka, na galoni hiyo ikanunuliwa mara nne, kila mnunuzi akiirudisha inadiwe tena. Gari lilirudi kwa siku ishirini na sita. Fundi alitupa gasketi ya zamani tuione. Mahali palipoungua, kati ya silinda mbili, palikuwa na upana wa ukucha wa kidole kidogo.

Jambo lingine lilianza bila kupitishwa na kikao. Muuguzi mmoja, muumini wetu, alikuja Jumapili moja na mashine ya presha na kile kipimo kidogo cha sukari, akakaa chini ya mwembe baada ya ibada. Akina mama walipanga foleni siku hiyo hiyo. Wanaume walipita mbali, wakatazama mlima. Mzee yuleyule aliyekwazwa na dereva kuchungulia chini ya gari alialikwa, akapapasa koti lake na kusema kwa sauti: “Mimi sidondoshi.” Tulicheka wote, naye akacheka, halafu akaona mjane amesimama nyuma yake kwenye foleni. Akakaa. Akatoa kidole.

Sasa ni kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Waliogundulika na sukari ni zaidi ya tulivyodhani, na wawili kati yao huimba kwaya. Wengine hawarudi kupimwa mara ya pili, na tukiwauliza wanatuambia wamekabidhi yote kwa Bwana, na tunarudi tena kwa mjane wa Sarepta, na wengine wanasikia na wengine hawasikii. Majina hayaandikwi katika daftari la Mwinjilisti, hayo ni siri ya muuguzi. Daftari limebaki la gari. Maji hayajashuka tangu lilipofungwa, na safu ya mwisho ina neno moja limejirudia kurasa kadhaa: sawa, sawa, sawa.

Mama mwenyewe presha yake ilikutwa juu, na tarehe zake za kliniki ni Ifakara. Safari ya kwanza alikuja alfajiri na kanga mbili na chupa ya uji. Dereva alimfungulia mlango wa mbele. Hakupanda. Alizunguka mpaka mbele ya gari, akagonga boneti kwa kidole, akasema afunguliwe. Dereva akafungua. Alilitazama kopo kwa muda, akauliza ipi alama ya juu na ipi ya chini, akaonyeshwa, akainama akaangalia na boksi chini ya injini.

“Haya,” alisema, “sasa tuombe.”